Gari la Nuzha na Kiapo cha Mithqal

Waya unaopitisha umeme huwa na uvuguvugu wake, kama shingo ya mtoto aliyelala. Nuzha alilijua joto hilo kwa kiganja. Saa saba kasorobo mchana alizunguka nyuma ya ofisi ya walimu, akainama kando ya gari lake, akaushika waya, na alichokuta ni joto la jua tu.

Aliufuata kwa macho. Ulitoka puani mwa gari, ukapita juu ya changarawe, ukapanda dirisha la chumba cha mlinzi wa shule. Akaufuata kwa miguu. Ndani, kichwa cha waya kilikuwa kimelala sakafuni karibu na ndala, na kwenye soketi, ile moja tu ya chumba kile, palikuwa pamechomekwa tanuri la umeme. Kuku watatu walikuwa wakichuruzika mafuta taratibu nyuma ya kioo.

"Mwalimu! Karibu, karibu, wanakaribia kuiva," alisema Umm Awad, mke wa mlinzi, huku akijifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Ule waya wako niliuchomoa tangu saa mbili asubuhi. Nikasema, gari si mtu, halitalia njaa. Wageni ndio watalia."

"Wageni gani, mama?"

"Si nyinyi! Leo mabinti zetu wamemaliza mtihani, halafu walimu wao waondoke na matumbo matupu? Watu wa Safi tutaonekana wapi?"

Mtu anaweza kumgombeza mwizi, anaweza hata kumgombeza hakimu. Hawezi kumgombeza anayemlisha. Nuzha alisema ahsante mama, Mungu akuzidishie, akarudi garini, akawasha. Kwenye kioo kidogo mbele ya usukani ikatokea namba: sitini na sita.

Alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa miaka mitatu hesabu yake kubwa ilikuwa hii. Alikaa Karak, juu mlimani. Shule yake ilikuwa Safi, bondeni, chini ya usawa wa bahari zote. Asubuhi aliondoka nyumbani na betri ikiwa asilimia sitini tu, kwa makusudi, maana mteremko wenyewe ulimjazia: magurudumu yaliposhuka yalirudisha umeme tumboni mwa gari, na alifika shuleni na sitini na nne. Mchana kutwa soketi ya mlinzi ikajaza mpaka mia. Alasiri mlima ukala themanini na nne, naye akaingia nyumbani na kumi na sita, umeme wa dinari moja kwenda na kurudi. Zamani, kwa gari la petroli la mumewe, njia hiyo hiyo ilikuwa inameza nusu ya mshahara wake, na nusu iliyobaki ilikwenda kwa fundi.

Themanini na nne. Na yeye alikuwa na sitini na sita.

Alichomoa tanuri? Hakuchomoa. Alingoja kuku waive, akajichomekea mwenyewe, akaenda kula.

*

Ili mtu aelewe kwa nini Nuzha alikula wali siku ile huku akiitazama saa, lazima arudi nyuma hadi majira ya baridi.

Gari lile Nuzha alilinunua kwa bangili zake sita, dhahabu ya mahari yake. Lilikuwa gari lililokwisha kutumika, lililoletwa kwa meli kutoka nchi za watu, rangi yake rangi ya kahawa mbichi. Mithqal, mumewe, sajini mstaafu, alilizunguka mara mbili siku ya kwanza, akapiga teke tairi, akasema, "Gari lisilonguruma ni kama mwanamume asiyekohoa mlangoni. Utajuaje kama amekuja?" Lakini hakumzuia. Na kila gari la namna hiyo lina uzee wake: betri huchoka. Vidoa kumi na viwili vya taa vilivyoonyesha uzima wake vilikuwa vimebaki vinane, na bei ya betri mpya ilikuwa zaidi ya nusu ya bei ya gari zima.

Basi mwezi wa kwanza, siku ya barafu, Nuzha aliwasha kipasha joto kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na gari likazimika chini ya chemchemi za Ain Sara, mji unauona kwa macho lakini huufikii. Sayil, mdogo wake Mithqal, alikuwa na lori la kubebea magari mabovu. Alikuja akipiga honi tangu mbali. Akalipakia gari la shemeji yake mgongoni mwa lori, akaufunga mnyororo, na badala ya kupita njia ya nyuma akapita katikati ya soko, adhuhuri, polepole, honi haikatiki, mpaka mbele ya duka la Jiryis kinyozi. Humo Mithqal alikuwa amekaa kitini, povu limemjaa shavuni.

"Abu Qutaiba!" akapiga kelele mmoja. "Mkeo kakununulia jokofu?"

"Si jokofu, ni simu! Limeishiwa chaji!"

Kicheko cha wanaume kumi na wawili kinaweza kumfanya mtu aseme neno ambalo ulimi wake haujawahi kulionja. Mithqal alisimama, povu na taulo shingoni, akasema mbele yao wote: "Talaka tatu juu yangu! Gari hili likiingia Karak tena limebebwa na gari jingine, halafu Nuzha akaliendesha baada ya siku hiyo, si mke wangu."

Hata Jiryis, ambaye dini yake haina kiapo hicho, aliushusha wembe.

Mithqal usiku huo hakula. Hakusema samahani, kwa sababu samahani haifuti kiapo, wala Nuzha hakulia, kwa sababu machozi nayo hayafuti. Kilichofuata ni kwamba kila alasiri, kuanzia saa nane, Mithqal alipanda juu ya paa la nyumba kutengeneza tangi la maji. Tangi halikuwa na ubovu wowote. Lakini kutoka pale juu barabara ya magharibi ilionekana yote, pindo baada ya pindo, mpaka ilipozama bondeni. Nuzha alikuwa akikipita kibanda cha mwisho cha zeituni kando ya barabara, anainua macho, anamwona mtu mdogo mweusi juu ya paa, ameshika spana. Hawakuwahi kulizungumza.

Gari likibebwa, basi. Atachagua ndoa, na atakayeachwa ni mlima, na shule, na mabinti wa Safi ambao walikuwa wameanza kupenda hesabu. Maana hapakuwa na njia nyingine ya kwenda kule na kurudi ambayo mshahara wake ungeiweza.

*

Baada ya chakula namba ilikuwa sabini na tatu.

"Tungoje hadi saa tisa," Nuzha alisema.

Wenzake aliowabeba kila siku walikuwa wawili. Ikhlas, mwalimu wa Kiarabu, mjane mwenye ulimi wa pilipili, alikuwa ameshakaa mbele na kufunga mkanda. Tamadur, mwalimu mpya wa kemia, alikuwa kiti cha nyuma, uso umekwisha kupauka.

"Saa tisa, Mama Qutaiba? Wallahi nimekwisha. Wazee wanakuja saa kumi kuniposa. Wanaume arobaini watakaa sebuleni kwetu, na bibi harusi yuko Safi ananuka vitunguu!"

"Wakikukosa watamposa shangazi yako," alisema Ikhlas. "Yeye yuko nyumbani siku zote."

"Mwalimu Ikhlas, si siku ya mzaha."

"Siku ya posa ndiyo siku ya mzaha, mwanangu. Baadaye hutaupata. Mimi nilichungulia mlangoni siku yangu. Mzee wao akapewa kahawa, akaiweka chini mbele yake, hakuigusa. Baba akamwambia, kunywa kahawa yako, ulichokuja nacho umekipata. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Hivi hivi, kwa funda moja, nikawa mke wa mtu."

Nuzha hakuwa akisikiliza. Alikuwa akihesabu. Bila kiyoyozi, madirisha wazi, mwendo wa arobaini na tano, mlima ungekula sabini na nne badala ya themanini na nne. Ana sabini na tatu. Upungufu wa asilimia moja; nani asiyeweza kumwomba Mungu asilimia moja? Na njiani, Mazraa, kando ya kituo cha mafuta, kulikuwa na mashine ya kuchajia. Robo saa pale ingetosha.

Aliutazama uso wa Tamadur kwenye kioo cha nyuma. "Haya," alisema.

Kabla hajaondoa mguu, buti la gari likafunguliwa. Umm Awad na akina mama wanne walikuwa wamepanga mstari. Sanduku la nyanya. Sanduku la nyanya. Biringani. Nyanya.

"Mama zangu, inatosha, naomba, gari ni..."

"Gari ni nini? Nyanya za msimu wa mwisho hizi, tamu kama asali. Mwalimu amemfunza binti yangu mpaka hesabu za herufi, nimpe mikono mitupu?"

Masanduku sita. Gari likaketi chini kwa nyuma kama ngamia anayepiga magoti. Nuzha alijua uzito wa sanduku la nyanya, na alijua kila kilo itaulizwa mlimani. Akasema ahsante mara sita.

*

Hadi Mazraa barabara ni tambarare, bahari ya chumvi inang'aa mkono wa kushoto kama bati. Joto liliingia madirishani kama pumzi ya tanuri lile lile. Sitini na nane. Sitini na mbili. Tamadur alikuwa anabonyeza simu tu. Ikhlas alijipepea kwa karatasi za mtihani za watoto.

Mazraa, mashine ya kuchajia ilikuwa imevishwa mfuko mweusi.

"Imekufa tangu Jumatatu," alisema muuza mafuta, bila kuinuka kwenye kiti chake. "Wanasema fundi yuko njiani kutoka Amman."

"Tangu Jumatatu yuko njiani?"

"Labda naye gari lake ni la umeme, dada."

Ikhlas alicheka, kisha alipomtazama Nuzha akaacha. "Kuna nini?"

"Hamna kitu."

"Nuzha. Mimi nimefundisha watoto miaka ishirini na sita. Hamna kitu yako naijua."

Nuzha aligeuza usukani kuuelekea mlima. Namba ilikuwa hamsini na moja. "Hatufiki," alisema polepole, Tamadur asisikie. "Ila Mungu apende."

Kupanda kulianza. Namba zilianguka kwa zamu, kama wanafunzi wanaoitwa mmoja mmoja kutoka darasani. Arobaini na nne. Arobaini. Kila pindo Nuzha alilichukua kwa upana, kuukwepa ukali wa ndani, mguu umelala juu ya kanyagio kana kwamba chini yake kuna yai. Malori ya chumvi yalimpita yakifoka. Moja likamlilia honi mpaka masikio yakaziba. Thelathini na moja.

"Mama Qutaiba," Tamadur aliita kutoka nyuma, "si ulisema likishuka linajaza? Kwa nini tusigeuke tushuke kidogo lijae, halafu tupande?"

Ikhlas aliacha kujipepea.

"Na huyu ndiye mwalimu wa kemia," alisema Ikhlas.

Ishirini na mbili. Kumi na tano. Jasho lilimwingia Nuzha machoni na hakulifuta, kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini. Kumi. Saba. Mahali pale milima ni myeupe na mikavu, hakuna kivuli cha kujifunika hata kwa mjusi. Kilichokuwa hai ni ile namba peke yake, na ilikuwa inakufa.

Tano. Nne. Kisha namba ikafutika, vikabaki vistari, na kando yake ikawaka taa ndogo ya manjano yenye umbo la kobe. Gari lenyewe likapunguza nguvu bila kuulizwa, kama mzee anayeanza kukokota miguu.

"Kobe huyo anasema nini?" aliuliza Ikhlas.

"Anasema kilomita moja. Labda nusu."

Mbele, juu kidogo, kama mita mia tatu, palikuwa na nyumba ya mawe, mizeituni michache, tangi la maji, na uzi wa umeme uliotoka nguzoni ukaingia ukutani. Nuzha aliuona ule uzi kabla ya kuiona nyumba.

"Shukeni," alisema. "Wote. Shusheni na nyanya."

"Barabarani?"

"Barabarani! Upesi!"

Walishusha masanduku sita kwenye vumbi. Tamadur na viatu vyake vya kisigino, Ikhlas na goti lake bovu, wakaanza kupanda kwa miguu, na kati yao gari likatambaa, jepesi sasa, kimya, kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Nuzha alikuwa akilisemesha. Hakujua alikuwa akisema nini. Baadaye Ikhlas alimwambia alikuwa akihesabu kwa kurudi nyuma, kama anavyowahesabia watoto dakika za mtihani. Gurudumu la mbele lilipoingia kwenye changarawe ya ua, kobe alizimika na kila kitu kikazimika naye. Lakini pua ya gari ilikuwa ndani ya uzio, mita tatu kutoka ukutani.

Mwenye nyumba alitoka, kilemba mkononi, macho ya usingizi wa mchana. Alikuwa mfugaji, aliitwa Abu Dhiab. Aliwatazama wanawake watatu wenye vumbi, hakuuliza wao ni nani wala wanataka nini. Aligeuka akaita ndani, "Mama Dhiab! Maji ya wageni!"

"Mjomba," Nuzha alisema. Kwa miaka mitatu alikuwa amewaambia watu wote kwamba gari lake halimwombi mtu kitu. "Mjomba, naomba soketi."

*

Lori la Sayil lilifika kabla maji hayajanywewa.

Nuzha aliisikia honi kutoka pindo la juu, ile ile ya majira ya baridi, akamgeukia Tamadur. Binti alikuwa analia tayari.

"Nilimwandikia kaka yangu tukiwa njiani. Nilitaka aje kunichukua mimi. Yeye ndiye kampigia Sayil. Wallahi sikujua..."

Sayil aliruka chini, miwani ya jua, tabasamu limeenea uso mzima. "Shemeji! Jokofu limeyeyuka tena?" Alikuwa ameanza kuteremsha ubao wa nyuma. "Dakika kumi tu. Bibi harusi atafika na nywele zake, nawe utafika na gari lako. Lipi baya?"

"Gari linachaji, Sayil. Liache."

"Linachaji!" Alimwonyesha Abu Dhiab ule waya kama anayemwonyesha mtu mchezo wa mtoto. "Kwa soketi ya birika! Litajaa Idi ijayo, shemeji. Ondoka hapo."

Nuzha alifungua mlango wa gari, akaingia, akakaa nyuma ya usukani, akafunga mlango, akafunga mkanda.

"Libebe," alisema dirishani. "Libebe na mimi ndani, unipitishe sokoni. Halafu umtafutie kaka yako mke mwingine, maana unajua alichoapa."

Tabasamu la Sayil lilisita. Kweli alikuwa anajua. Lakini kulikuwa na watu wanamtazama, na lori lilikuwa limeshafunguliwa, na mtu aliyezoea kuchekesha hajui pa kuishia. "Kiapo ni cha gari, si changu," alisema, akaokota mnyororo.

"Mwanangu," Abu Dhiab alisema. Hakupandisha sauti. "Kilichoingia uani kwangu na kikashika waya wangu ni mgeni wangu. Weka chini mnyororo."

"Ni gari, ami!"

"Nimeona kuwa ni gari."

Walikuwa bado wamesimama hivyo, mnyororo mkononi mwa Sayil, wakati pikapu ya Mithqal ilipochomoza kwenye pindo, inatoa moshi mweusi. Kutoka paani alikuwa ameona vitu viwili: barabara isiyo na gari la rangi ya kahawa mbichi, na lori la ndugu yake likishuka. Alishuka garini, spana bado iko mkononi. Alimtazama Sayil. Alitazama ubao wa lori ulioteremshwa. Kisha alimtazama mkewe nyuma ya kioo, mkanda umefungwa, gari limezima. Hakuna aliyejua atasema nini. Hata Nuzha, aliyeishi naye miaka kumi na tisa, hakujua.

"Karibu, baba," alisema Abu Dhiab, na kwa kuwa dawa ya ukimya ni kahawa, alimimina kikombe palepale uani, akampa.

Mithqal alikipokea. Aliketi kwenye jiwe karibu na gurudumu la gari. Kisha akakiweka kile kikombe chini, mbele yake, kwenye changarawe, na hakukigusa.

Ikhlas alijiziba mdomo kwa mkono. Sayil alivua miwani.

Abu Dhiab alikitazama kikombe kwa muda. "Kunywa kahawa yako, baba Qutaiba," alisema, jina akiwa amelisikia kwa wanawake. "Ulichokuja nacho umekipata."

"Hujasikia ni nini."

"Kiseme, nisikie nilichotoa."

Mithqal alikohoa. Alisema akitazama chini, kama askari anayekiri kosa mbele ya kikosi. "Nataka umeme wako mpaka lijae kiasi cha kutosha kufika. Mpaka kesho ikibidi. Na hili lori," hapo akainua macho kwa mdogo wake, "lirudi Karak tupu. Mimi nilisema neno la kipumbavu mbele za watu, na tangu siku ile sijalala alasiri hata moja."

Akanywa kwa funda moja.

Nuzha alibaki ndani ya gari. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili kana kwamba bado anapanda.

"Tupu haliwezi kurudi," Ikhlas alisema baada ya hapo, akijifuta macho na kujifanya ni jasho. "Kuna bibi harusi. Sayil, fungua mlango wako. Na ukipiga honi hata moja, mimi nakaa karibu na usukani."

Kwa hiyo Tamadur, binti wa watu, aliyekuwa akiposwa na wanaume arobaini, alifika kwao saa tisa na nusu ndani ya lori la magari mabovu, na nyanya tatu mkobani ambazo hakukumbuka kuzichukua.

*

Nuzha na Mithqal walingoja. Masanduku yaliokotwa barabarani, yakapakiwa kwenye pikapu. Abu Dhiab alipewa matano, akakataa, akapewa tena, akakubali mawili na akarudisha jibini la mbuzi lenye uzito wa sanduku moja. Nuzha aliushika waya mara nyingi. Ulikuwa na uvuguvugu. Kumi. Kumi na nane. Saa kumi na moja kasoro dakika chache, ishirini na tisa.

"Twende," alisema Mithqal, akafungua mlango wa abiria.

"Wewe huingii."

"Vipi?"

"Una kilo tisini na mbili, baba Qutaiba. Nimekwisha kuzihesabu. Panda pikapu yako."

Alifunga mlango ule kwa adabu. Akamfuata nyuma, taa za tahadhari zinawaka, kwa mwendo wa thelathini, akiyazuia malori ya chumvi yasimfokee mkewe, na kila lililofoka alilifokea yeye. Ishirini. Ain Sara, mahali pa barafu, ilipita na kumi na moja. Lango la chini la mji na sita. Mwinuko wa mwisho kuelekea soko ni mkali, tena una mashimo, na katikati yake kobe aliwaka tena; Nuzha aliona paa la nyumba yao, na juu yake, kwa mara ya kwanza tangu baridi, hapakuwa na mtu. Alibana meno. Kobe alipanda.

Mbele ya duka la Jiryis wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye baridi ya jioni, wanacheza karata. Nuzha alipita mita mbili kutoka magotini mwao, kwa magurudumu yake manne, na hakuna aliyeinua kichwa. Gari halikuwa na sauti. Lakini pikapu iliyokuja nyuma yake waliisikia vizuri sana.

"Abu Qutaiba!" mmoja alipiga kelele, anapunga moshi kwa karata zake. "Mpigie Sayil alibebe hilo dude, litatuua!"

Nyumbani, Mithqal alizima injini, akaja kabla mkewe hajashuka. Aliuchukua waya mwenyewe, akauchomeka ukutani, kisha kwenye pua ya gari, mara ya kwanza kinyume, mara ya pili sawa. Akachuchumaa.

"Nitajuaje kama unaingia?"

"Ushike," alisema Nuzha.

Akaushika kwa kiganja kizima, akangoja. Adhana ya magharibi ilianza, ikaisha.

"Bado," alisema.

Nuzha akachuchumaa kando yake.

"Sasa," alisema Mithqal.